Dohani ya Munjoy Hill: saruji ngumu, tofali laini na chumvi ya bahari

Nyumba ni ya mbao, ya ghorofa tatu, iko Munjoy Hill mjini Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Ukisimama dirishani ghorofa ya juu unaiona Ghuba ya Casco na visiwa vyake. Mwenye nyumba ni mama kutoka Bukavu aliyeinunua pamoja na wadogo zake, na sasa kila ghorofa ina familia ya ukoo huohuo. Dohani ya matofali inaanzia chini kabisa, kwenye sela (chumba kilicho chini ya nyumba), inapanda katikati ya nyumba, inapita darini na kutokeza juu ya paa kwa urefu unaozidi kimo cha mtu.

Aliponiita alikuwa na swali moja. "Fundi, walikuja watu wakajaza simenti kwenye viungo, wakasema hii ni nguvu, haitatoka. Kweli haikutoka. Lakini sasa matofali yenyewe ndiyo yanaanguka bustanini. Itakuwaje simenti ibaki, tofali life?"

Mama alikuwa ameshalitaja tatizo bila kujua. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu watu wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wananunua nyumba kuukuu katika miji hii ya pwani, na kila mwaka nakuta dohani zilizouawa na matengenezo yaliyolipiwa fedha nzuri. Mwenye nyumba huambiwa "ngumu" akasikia "bora". Kwenye tofali la zamani, karibu na bahari, mambo hayo mawili hayafuatani.

Hali tuliyoikuta

Nilianza bustanini, chini ya upande wa kaskazini-mashariki. Palikuwa na vigae vyekundu vyembamba, unene wa sarafu mbili tatu: nyuso za matofali zilizobanduka. Juu ya paa picha ilikuwa wazi. Upande unaotazama bahari, mistari ya juu ya matofali ilikuwa imeliwa ikabonyea ndani, na katikati yake mistari ya saruji ya kijivu imesimama mizima, imechomoza kama mbavu. Upande wa kusini-magharibi matofali yalikuwa bado na sura yake. Kofia ya saruji iliyofunika kichwa cha dohani ilikuwa imepasuka sehemu nyingi, na haikuchomoza nje ya ukuta hata kidogo, hivyo kila tone la mvua lililoteremka juu yake lilipakaa ukuta moja kwa moja.

Nilichokonoa saruji kwa tindo. Ililia kama chuma, na kipande kilipotoka nikaona kwamba haikuingia ndani hata sentimita moja. Walikuwa wameipaka juu ya mota ya zamani, yaani ule mchanganyiko unaojaza viungo kati ya matofali, bila kuichimbua. Nyuma yake mota ya asili ilikuwa nyeupe, inasagika kwa kidole, na ndani yake kulikuwa na vidonge vidogo vya chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri. Ukiona vidonge hivyo, jua uko mbele ya mota ya chokaa. Niliidondoshea siki ikatoa povu, ingawa siki peke yake haithibitishi mengi, maana saruji nayo hutoa povu kidogo. Ushahidi mkubwa ni vile vidonge na ule ulaini.

Chokaa ya pwani hii ina historia yake. Moto mkubwa wa tarehe 4 Julai 1866 uliunguza majengo yapatayo 1,800 ya Portland na kuacha watu 10,000 bila makazi. Wengi walipigiwa mahema hapahapa Munjoy Hill. Mji ulijengwa upya wakati ambapo chokaa ilichomwa kwenye matanuri ya Rockland, Thomaston na Rockport, kaskazini zaidi kwenye pwani hii, ikasafirishwa kwa majahazi ya tanga. Mabaharia waliyaogopa majahazi hayo, kwa sababu chokaa mbichi ikiingiwa na maji huchemka, na moto wake uliteketeza vyombo vingi. Nyumba ya mama ni ya baadaye kuliko ule moto, lakini mafundi walioijenga walikuwa bado watu wa chokaa, na matofali waliyoyatumia yalichomwa kwa joto lisilo sawa: mengine magumu, mengine laini yenye rangi ya pinki hafifu. Tofali la namna hiyo halivumilii jirani mgumu.

Saruji tunayoiita Portland ni jambo jingine, jina tu limefanana na la mji huu. Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, na hapa Marekani David Saylor wa Coplay, Pennsylvania, alipata yake mwaka 1871. Ilichukua miaka mingi kushika soko. Leo ndiyo iliyojaa madukani, kwenye mifuko yenye herufi. Herufi hizo zinaonyesha nguvu ya mota kwa paundi kwa inchi ya mraba: O ni 350, N ni 750, S ni 1,800, M ni 2,500. Mfuko waliouacha wale mafundi nilioukuta sela ulikuwa wa S. Mota ya namna hiyo inafaa kwenye msingi wa zege au ukuta wa bloku. Kwenye tofali la pinki lililopigwa na upepo wa bahari kwa zaidi ya miaka mia, ni hukumu.

Jinsi tofali lilivyokufa

Ukuta wa nyumba una chumba chenye joto nyuma yake. Dohani juu ya paa haina: inapigwa pande zote nne, na kichwani pia. Dhoruba mbaya za majira ya baridi hapa hupuliza kutoka kaskazini-mashariki, zikitokea baharini. Tarehe 13 Januari 2024 maji ya bandari ya Portland yalifika futi 14.57, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa hapo, na vibanda vya zamani vya wavuvi katika ufuo wa Willard, South Portland, vikasombwa. Mawimbi hayapandi Munjoy Hill. Kinachopanda ni ukungu wa chumvi, siku zile na siku nyingine nyingi zisizotajwa kwenye habari.

Chumvi hiyo ikiingia kwenye vitundu vya tofali na mota, inaanza mchezo wa kuyeyuka na kuganda. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani yenyewe na kuwa majimaji, hata kama hakuna mvua. Unyevu ukishuka chini ya hapo inakauka na kuwa fuwele, na fuwele zinapokua zinasukuma kuta za kitundu kilichozibeba. Pwani, unyevu unaweza kuuvuka mpaka huo asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Kisha baridi inaingia. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Tofali lililoshiba maji ya chumvi halipati pumziko mwaka mzima.

Sasa swali ni moja: maji hayo yanatoka ukutani kupitia wapi? Kila ukuta wa matofali unalowa, na hilo si kosa. Muhimu ni njia ya kukauka. Mota ya chokaa ina vitundu vingi kuliko tofali, basi maji na chumvi hutokea kwenye kiungo. Kiungo kinaliwa polepole, na baada ya miongo kadhaa fundi anakichimbua na kukijaza upya. Tofali linabaki. Ndiyo kazi ya mota, kuumia kwa niaba ya tofali.

Ziba kiungo kwa saruji ngumu na njia imefungwa. Maji yanalazimika kutokea usoni mwa tofali, na chumvi inaganda milimita chache nyuma ya uso huo. Uso unabanduka. Kilicho chini yake ni laini zaidi, kwa hiyo mwaka unaofuata kinaliwa haraka zaidi. Ndiyo maana mama aliona saruji imebaki na tofali limekufa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumeliona jambo hili nyumbani. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na kuta zake hupumua. Mtu akizipiga lipu ya saruji ili zipendeze, unyevu unafungiwa ndani na lipu inadondoka na jiwe lake. Baridi ya Maine inaharakisha tu yale ambayo chumvi peke yake ingeyafanya taratibu.

Chumvi ya pili

Ningeishia paani ningekosa nusu ya kisa. Darini, ambapo mvua haipigi moja kwa moja na ukungu wa bahari haupenyi, dohani ilikuwa na unga mweupe mwingi, na dari ya ghorofa ya juu ilikuwa na doa la kahawia. Nilipima unga huo kwa karatasi za kupimia chumvi. Vipande vya nje, upande wa bahari, vilionyesha kloraidi nyingi, yaani chumvi ya bahari. Unga wa darini ulionyesha salfeti, chumvi yenye salfa. Hizo ni chumvi mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Nilimuuliza mama nyumba inapashwaje joto. Zamani lilikuwepo boila la mafuta. Kisha wakaweka pampu za joto za umeme, mashine zinazovuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, kama nyumba nyingi za Maine. Jimbo lilivuka lengo lake la pampu 100,000 mwaka 2023, kabla ya muda lililojiwekea. Boila likaondoka. Kilichobaki kwenye dohani ni hita ya maji ya gesi, ndogo, peke yake.

Hapo ndipo penye siri. Boila lile kubwa lilikuwa likiikausha dohani majira yote ya baridi. Hita ndogo inatoa moshi kidogo wenye mvuke mwingi ndani ya dohani pana iliyopoa, na mvuke unageuka maji kwenye matofali kabla haujafika juu. Maji hayo yanayeyusha salfeti iliyoachwa na miaka mingi ya mafuta, na pengine makaa ya mawe kabla yake, na kuisukuma nje kupitia ukuta. Salfeti ikikutana na saruji inaunda madini yanayovimba ndani ya mota. Dohani nyingi za zamani zilizopinda zimepinda hivyo: upande unaolowa zaidi unarefuka. Ya mama ilikuwa imeanza kuinama kidogo kuelekea kusini-magharibi, upande wa pili kutoka baharini. Timazi ilionyesha wazi.

Na ndani hakukuwa na bomba lolote la kukinga. Moshi ulikuwa unapita kwenye matofali matupu, na darini mwanga wa tochi ulipenya kwenye viungo viwili. Hapo nilimwambia azime hita siku ileile mpaka ipatikane njia nyingine, kwa sababu moshi wa gesi ukivuja ndani ya nyumba una kaboni monoksidi, nayo huua watu usingizini. Kila ghorofa iwekwe king'ora cha kuigundua. Tulivinunua kabla sijashusha ngazi.

Uamuzi

Wengi wangeanza na swali la mota gani. Mimi naanza na swali la dohani hii itafanya kazi gani miaka ijayo. Kama haina kazi, njia nafuu na salama ni kuibomoa mpaka chini ya paa, kuziba paa, na kuachana na chumvi. Nilimwambia mama hivyo waziwazi, ingawa kwangu ilimaanisha kazi ndogo.

Alikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri. "Fundi, ile dhoruba ya kabla ya Krismasi umeme ulikatika. Pampu zikalala. Watoto walivaa makoti ndani ya nyumba." Alikuwa anasema juu ya dhoruba ya tarehe 18 Desemba 2023, iliyoziacha nyumba na biashara zaidi ya 400,000 za Maine bila umeme. Alitaka jiko la kuni sebuleni ili hali ile isijirudie.

Jiko la kuni lilipanga kila kitu kingine. Haliruhusiwi kushiriki njia moja ya moshi na hita ya gesi, kwa hiyo hita ikabadilishwa kuwa ya umeme. Linahitaji bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu, lililozungushiwa kizuia joto, kutoka kwenye jiko hilo mpaka juu. Pwani nachagua daraja la 316, kwa sababu 304 haivumilii kloraidi sawasawa. Bomba hilo pia linamaliza tatizo la salfeti, kwa kuwa moshi haugusi tena tofali. Na kichwa cha dohani lazima kizidi paa kwa futi 3 na kuzidi chochote kilichomo ndani ya futi 10 kwa futi 2, basi kuipunguza urefu haikuwezekana.

Sehemu ya juu, ambako nyuso za matofali zilikuwa zimekwenda, haikufaa kujazwa viungo. Ukijaza kiungo kati ya matofali yaliyooza unapamba maiti. Tulikubaliana tushushe mistari yote iliyoliwa na iliyoinama mpaka tukute matofali mazima, tujenge upya kutoka hapo, na viungo vya mistari iliyobaki juu ya paa tuvichimbue na kuvijaza kwa chokaa.

Kazi yenyewe

Tulianza Juni. Chokaa inataka joto la nyuzi 5 za Selsiasi na zaidi, usiku na mchana, na inataka miezi ya kukomaa kabla ya barafu ya kwanza. Anayekuahidi kujaza viungo vya chokaa Novemba mjini Portland anakuuzia kazi ya kurudia.

Kuchimbua ndiko kunakotenganisha mafundi. Kina ni mara 2 mpaka 2.5 ya upana wa kiungo. Viungo vya pale vilikuwa karibu milimita 10, basi tuliingia milimita 20 mpaka 25, tukaacha mwisho wa shimo ukiwa mraba, si wa duara. Grainda tuliitumia kwenye viungo vya kulala tu, diski nyembamba katikati ya saruji, bila kugusa kingo za tofali. Viungo vya kusimama vyote vilitoka kwa tindo na nyundo ndogo, maana ni vifupi na grainda hukata tofali la juu na la chini kabla hujajua. Palikuwa na mahali saruji iling'ang'ania kiasi kwamba kuing'oa kungevunja tofali. Tuliiacha. Vipande vichache vya saruji vina madhara madogo kuliko matofali yenye kingo zilizovunjika.

Vumbi la kazi hii lina silika, inayotia mapafu makovu yasiyotibika. Sheria za kazi za Marekani zimeweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Grainda ilifungwa kifyonza vumbi, na kila aliyepanda jukwaa alivaa barakoa ya kichujio iliyombana uso. Nawaona vijana wetu wakikata saruji na kitambaa puani. Nawaomba waache.

Kabla ya kujaza, tuliitoa chumvi. Tulipaka upande wa kaskazini-mashariki tope la karatasi iliyosagwa, udongo mfinyanzi na maji safi yasiyo na chumvi, tukaliacha likauke. Linapokauka linavuta maji ya tofali pamoja na chumvi yake. Tukalibandua, tukalitupa mbali, tukarudia mpaka karatasi za kupimia zikaonyesha kloraidi imeshuka. Haiishi yote. Wapo wanaoosha matofali kwa asidi ya hidrokloriki ili weupe utoke haraka. Asidi hiyo inayeyusha chokaa na kuacha kloraidi zaidi, yaani inaleta ugonjwa uleule tuliokuja kuutibu.

Kuhusu mchanganyiko, watu wa fani hii wanabishana na hoja zina uzito pande zote. Chokaa ya kawaida isiyoganda majini ni laini mno kwa kichwa cha dohani mahali penye barafu. Chokaa ya haidroliki, inayoganda hata penye maji, huuzwa kwa madaraja ya nguvu 2, 3.5 na 5, na kwa dohani wengi wanapendekeza 5 kwa sababu ya baridi na mvua. Mimi niliangalia tofali. Sehemu ya chini yenye matofali ya zamani nilitumia 3.5, kipimo 1 cha chokaa kwa 2.5 vya mchanga. Juu, ambako tulijenga kwa matofali mapya ya daraja la kuhimili hali kali ya hewa, nilitumia 5. Kama chokaa hiyo isingepatikana ningetumia mota ya O kwa matofali ya zamani. S kamwe.

Mchanga ulitoka machimboni: mkali, wenye punje kubwa na ndogo, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni ni chumvi unayoibeba mwenyewe juu ya ngazi.

Matofali na viungo vilinyunyiziwa maji kabla ya kujazwa, vikawa na unyevu bila kuchuruzika, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya chokaa ikabaki unga. Tulijaza kwa matabaka yasiyozidi milimita 6, kila moja likisubiriwa mpaka kidole kikibonyeza kiache alama hafifu. Tabaka la juu likianza kukaza tulilipigapiga kwa ncha za brashi ngumu, na mahali kingo za tofali zilipokuwa zimechakaa tuliliacha ndani kidogo ili lisitambae juu ya uso wa tofali. Kisha tulifunika pande zote kwa magunia mabichi na kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa zaidi ya wiki. Adui wa wakati huo ni upepo mzuri wa bahari, unaokausha chokaa kabla haijashikana.

Kofia mpya ilimwagwa kwa zege, mteremko kutoka katikati, ikachomoza nje ya ukuta inchi 2 na nusu, na chini ya ukingo kuna mfereji mdogo wa kukatisha tone lisirudi ukutani. Kati ya zege na bomba la chuma tuliacha nafasi iliyojazwa ziba ya kunyumbulika, kwani bomba la moto hutanuka na zege hailisubiri. Pale dohani inapotoka kwenye paa tuliondoa mabati yaliyoliwa na kutu, tukaweka bati la risasi lililoingizwa ndani ya kiungo. Doa la dari ya ghorofa ya juu, kwa kiasi kikubwa, lilitoka hapo.

Fundi mmoja rafiki wa familia alimshauri mama apake dawa ya kuzuia maji juu ya yote. Nilipinga. Ziko dawa za silane na siloksane zinazoacha mvuke utoke, na kwenye tofali safi la bara zinaweza kusaidia. Kwenye tofali ambalo bado lina chumvi, zinazuia majimaji ya chumvi yasifike usoni, na fuwele zinakua nyuma ya tabaka lililopakwa. Ni habari ileile ya saruji, safari hii haionekani kwa macho.

Baada ya baridi ya kwanza

Nilipanda Aprili. Matofali yote yalikuwa na nyuso zake. Upande wa kaskazini-mashariki viungo vilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi na punje chache za mchanga zililegea nilipopitisha kidole. Mama alishtuka kuona mota mpya inatoa unga. Nilimweleza kwamba weupe uko kwenye kiungo na hauko kwenye tofali, na hapo ndipo tunapoutaka. Niliuondoa kwa brashi kavu, maana maji yangeurudisha ndani. Darini unga wa salfeti haukuwa umeongezeka, na dari iliyopakwa rangi upya haikuwa na doa.

Palikuwa na kasoro moja. Ziba ya kuzunguka bomba ilikuwa imeachana na zege upande mmoja kwa upana wa ukucha. Niliikata na kuiweka upya. Kiwango cha kitaifa cha dohani, NFPA 211, kinataka ukaguzi kila mwaka, na mama amekubali ufanyike Septemba, bomba lisafishwe masizi na ziba ile itazamwe tena kabla jiko halijawashwa.